Mashavu Amesimama

Katika karakana ya Shangazi kulikuwa na neno moja tu lililopigwa marufuku. Mteja aliweza kuingia akailaani mvua, akamlaani mwenye nyumba wake, akamlaani hata fundi mwenyewe kwa kumpiga kalenda wiki tatu, na Shangazi angecheka na kumsogezea kigoda. Lakini akishaweka saa mezani na kusema, "Fundi, saa yangu imekufa," hapo angekiona cha mtema kuni.

"Imekufa? Poleni. Mazishi saa ngapi?" Shangazi angemuuliza, lenzi imembana jichoni kama jicho la kinyonga. "Saa haifi, ndugu yangu. Saa husimama. Kufa ni neno la fundi, na fundi halitamki mpaka afungue kifuniko aone mwenyewe."

Alisema hivyo miaka ishirini na mitatu, hadi ulimi ukazoea. Simu ikizima, imesimama. Bomba lisipotoa maji, limesimama. Hata uchumba wake na yule dereva wa lori ulipovunjika, walipomuuliza alijibu, "Umesimama," akainama akaendelea na kazi. Mpaka leo hajaufungua kifuniko.

Sasa mwanamke huyu, ambaye mkono wake ulitulia kiasi cha kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga, alikuwa na kasoro moja iliyojulikana ukoo mzima: akishainamia saa, dunia inaweza kuungua. Masufuria matatu yalikuwa yameungua tayari. Na mwaka uliopita alipitiliza: alisahau kumchukua mtoto wa kaka yake shuleni. Mtoto alikaa getini saa mbili nzima na mlinzi, akamsimulia maisha yake yote, kisha ya wazazi wake, kisha akaanza ya majirani. Huyo ndiye Chiriku, umri miaka tisa, mdomo miaka arobaini.

Chiriku alitaka jambo moja duniani: likizo nzima akae kwa Shangazi ajifunze kufungua saa. Shangazi naye alilitaka hilo kuliko mtoto mwenyewe, ila hakuthubutu kulisema kwa sauti, maana ukipenda kitu sana ukakitangaza, watu hukuuliza unastahili wewe? Hakuwa na mtoto. Alikuwa na meza, na taa, na saa mia moja za watu. Na alikuwa ameviona vidole vya Chiriku vikishika kibano bila kutetemeka.

Ufunguo wa jambo hilo ulikuwa mkononi mwa mama yake Chiriku, wifi yake Shangazi, mwalimu wa hesabu.

"Wifi," alisema siku moja akiwa amesimama mlangoni na kizimba cha waya mkononi, "nyumba yetu inapigwa rangi siku kumi. Mafundi wanasema harufu itamdhuru mnyama wa mtoto. Mchukue wewe. Ukinirudishia mzima, Chiriku nakuachia likizo nzima. Ukishindwa na panya, wifi yangu, habari ya mtoto usiniletee tena."

"Si panya, wifi. Ni hamsta."

"Ana mkia?"

"Mfupi."

"Basi ni panya aliyekatwa alama." Akakiweka kizimba mezani. "Na Chiriku ana mitihani. Hatakanyaga hapa mpaka amalize. Kwa hiyo huna wa kukukumbusha."

Ndani ya kizimba, kwenye kitanda cha maranda ya mbao, alilala kiumbe wa rangi ya asali, ukubwa wa limau. Aliitwa Mashavu, na jina hakupewa kwa bahati. Mnyama huyu aliweza kusomba mbegu za alizeti kumi na nane mashavuni, uso ukavimba kama wa mpiga tarumbeta, kisha akakutazama kwa macho meusi kama mtu anayesema: nani, mimi? Sijatia kitu mdomoni tangu jana.

Chini ya kizimba kulibandikwa karatasi ya daftari, mwandiko wa Chiriku: Usimwamshe mchana. Ukimwamsha akakuuma, hiyo ni haki yake. Maji yabadilishwe kila siku hata kama hajayamaliza. Karoti kidogo sana, ukubwa wa ukucha wako si wa baba. Chungwa hapana, kitunguu hapana. Asipigwe na mwanga mkali. Namfundisha kusimama kwa miguu miwili, bado hataki. Usimwite panya, anasikia.

Shangazi aliisoma mara tatu, akapiga moyo konde. Alizitoa saa za kengele nne kutoka ukutani, akaipa kila moja kazi yake: ya kwanza maji, ya pili mbegu, ya tatu karoti, ya nne kukagua tu. Zikawa zinalia mchana kutwa kama gari la zimamoto. Kisigino, fundi viatu wa mlango wa pili, alikuja kulalamika, nyundo mkononi.

"Dada fundi, hii ni karakana au kituo cha treni? Nimegonga kidole mara mbili leo."

"Gonga cha tatu upate seti, Kisigino. Mimi nina mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Ndiyo kazi yenyewe, asiumwe."

Na kweli hakuumwa. Kwa sababu ya ile sheria ya mwanga, Shangazi alimhamishia chumba cha nyuma, kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, mbali na taa ya mezani. Kila alfajiri alimkuta Mashavu kwenye gurudumu lake, akikimbia safari isiyo na kituo. Tatizo lilikuwa gurudumu lenyewe. Lilikuwa na ekseli kavu, likilia kwi-kwi-kwi kutoka giza linapoingia mpaka kunapokucha. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kelele. Kwa fundi saa hayo ni matusi.

Siku ya saba uvumilivu ulimwishia. Alilifungua gurudumu, akalisafisha kwa brashi, akaunyoosha waya mmoja uliopinda, akaweka tone moja la mafuta ya saa, yale mazuri ya kwenye chupa ndogo asiyomwazima mtu. Akalirudisha, akalisukuma kwa kidole. Likazunguka na kuzunguka, kimya kama wazo.

"Haya," alimwambia Mashavu kwa majivuno. "Hata wafalme hawana hilo."

Hapo ndipo alipojichimbia shimo kwa mkono wake mwenyewe. Kwi-kwi-kwi ile ndiyo iliyokuwa ikimwambia, hata akiwa amelala, kwamba upande wa pili wa ukuta wa chumba chake cha kulala kuna uhai. Sasa kimya cha mnyama anayekimbia na kimya cha mnyama asiyekimbia vikawa kitu kimoja.

Usiku huo baridi ilishuka na upepo wake. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa na kioo kilichopasuka, na pengo lake Shangazi alikuwa ameliziba kwa boksi gumu tangu mwaka juzi, akisema nitalitengeneza kesho. Boksi likadondoka. Shangazi akalala fofofo, akifurahia ukimya.

Siku ya nane, saa mbili asubuhi, kengele ya maji ilipolia, alikuta chumba kimekuwa baridi kama ndani ya mtungi. Mashavu alikuwa amejikunja pembeni mwa kizimba, maranda yamemfunika nusu. Shangazi alimgusa kwa kidole. Hakuuma. Hilo lilimtisha kuliko kitu kingine chochote. Akamtoa, akamweka kiganjani: baridi kama sarafu, macho yamefumba, miguu imekunjwa kifuani.

Akaketi palepale chini, mnyama mkononi, na kilichompitia kichwani hakikuwa panya wala hamsta. Kilikuwa kigoda kidogo alichokwisha kukipiga msasa, kwa siri, cha kumfikisha mezani mtoto wa miaka tisa.

Kisigino, aliyezoea kelele, alikuja kuuliza kwa nini kengele inalia bila kuzimwa. Alipoona, alivua kofia. Akaenda kwake, akarudi na boksi la viatu.

"Namba thelathini na sita," alisema kwa sauti ya msibani. "Viatu vya kike, vya ngozi halisi. Ataheshimika."

"Toa boksi lako hapa."

"Dada fundi, panya kafa."

"Usilitaje hilo neno!"

"Haya, kasimama. Lakini kasimama sana." Kisigino alikuna shingo, akateremsha sauti. "Sikiliza. Yule muuza wanyama wa kule sokoni anao wengi tu, rangi hiyohiyo. Nenda ukanunue mwingine. Nani atajua?"

"Chiriku atajua kabla sijafungua mlango. Huyu ana kovu sikioni. Na mimi nitajua." Akavuta pumzi. "Hapana. Namwandikia wifi. Bora aibu ya leo kuliko uongo wa likizo nzima."

Alichukua simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Lile neno lililotakiwa halikutoka. Vidole vilikuwa havijawahi kuliandika. Mwisho akaandika: Wifi, Mashavu amesimama. Alikuwa anatafuta jinsi ya kuomba radhi wakati kidole gumba, ambacho hakikuwahi kuteleza tangu akiwa mwanafunzi wa ufundi, kilipoteleza kikabonyeza. Ujumbe ukaenda hivyohivyo, mkavu.

Majibu yalikuja haraka kuliko alivyotarajia.

*Kwa miguu miwili?! Hongera wifi! Nimemwonyesha Chiriku hapa nje ya chumba cha mtihani, karuka mpaka kaangusha ndoo ya watu. Anamaliza leo. Saa kumi tunakuja kuona anavyosimama. Sikutegemea, nasema ukweli.*

Shangazi alisoma, akampa Kisigino simu. Kisigino alisoma midomo ikichezacheza, kisha akaketi chini sakafuni.

"Ama kweli Kiswahili kitakuua wewe," alisema.

Shangazi alikuwa akiutazama mkono wake. Mkono ule, bila kumuuliza, ulikuwa umeshamlaza Mashavu kwenye kitambaa laini cha kufutia vioo, umeshawasha taa ya mezani, umeshashusha lenzi jichoni. Ulikuwa unafanya alichofanya mara elfu kumi kila alipoletewa kitu kilichosimama: ulikuwa unakagua kabla ya kusema.

Lakini huyu hafunguliwi kifuniko. Akafikiri. Kisha akavuta droo, akachagua kioo cha saa ya mkononi, kipya, duara, akakifuta kikang'aa, akakishika kwa kibano mbele ya pua ile isiyozidi kichwa cha njiti ya kiberiti.

Akasubiri. Kisigino akafungua mdomo. Shangazi akainua kidole, mdomo ukafungwa.

Katikati ya kioo kikatokea kidoa cha ukungu, kidogo kama nukta mwishoni mwa sentensi. Kikafifia. Shangazi aliitupia jicho saa ya ukutani, mshale wa sekunde ukitembea. Ukapita thelathini. Ukapita arobaini. Kwenye arobaini na sita, nukta ikarudi.

"Anapumua," Shangazi alinong'ona. Kisha akapaza sauti mpaka saa mia moja zikatetemeka kwenye misumari: "Kisigino, mwana wa watu, ANAPUMUA!"

"Mimi sioni kitu!"

"Ndiyo maana wewe unashona viatu!"

Alimpigia daktari wa mifugo, mteja wake wa siku nyingi.

"Fundi, mimi ni wa ng'ombe," daktari alicheka. Aliposikia habari yote, akaacha kucheka. "Ni baridi. Wadogo hawa baridi ikiwazidi hujizima ili wasitumie nguvu. Hutakiwi kumweka motoni wala chini ya taa, utamuua kwa haraka zako. Joto la mwili wako linatosha, tena polepole. Akiamka, maji yenye sukari kidogo, tone kwa tone. Na asirudi kwenye chumba hicho. Lakini sikuahidi kitu, fundi. Wengine hawarudi."

Basi Shangazi alimfunga Mashavu kwenye kile kitambaa, akamtia kifuani ndani ya sweta, akaketi. Fundi aliyekuwa hajawahi kukaa saa moja bila saa mkononi alikaa, kiganja kimoja kimemfunika mnyama. Kila baada ya robo saa alimtoa pua tu, akaweka kioo, akahesabu, akaandika nyuma ya kadi ya kazi. Sekunde arobaini na sita. Arobaini na tatu. Arobaini na tatu tena. Thelathini na tisa.

Saa tano aliingia mteja mwenye suti, aliyekuja kuchukua saa yake ya dhahabu.

"Bado kukaza skrubu mbili," Shangazi alisema. "Njoo kesho."

"Kesho? Dakika mbili tu, fundi! Nakuona umekaa bure!"

"Sijakaa bure. Nimelalia yai."

Mteja akamtazama Kisigino. Kisigino akatikisa kichwa kama anayesema, mwache tu, ndivyo alivyoamka. Jamaa akaondoka akinung'unika, na saa ya dhahabu ikabaki wazi mezani, imelala chali, ikimwita Shangazi kwa kila gurudumu lake. Hakuitazama hata kwa jicho la pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kushinda vita hiyo, na aliishinda bila kujua kwamba yuko vitani.

Kisigino naye, baada ya kuzurura mlangoni, alikata kipande cha ngozi, akachukua misumari, akaingia chumba cha nyuma kuziba lile pengo la dirisha. Alipiga misumari kumi na miwili palipotosha minne. "Nisije nikaambiwa sikufanya kitu," alisema.

Saa sita: sekunde ishirini na nane. Saa saba: kumi na tano. Saa saba u nusu, sharubu moja ya kushoto ikacheza. Saa nane ukaanza mtetemo, mwili mzima ukitikisika kama injini kuukuu ya dizeli inayowashwa asubuhi, na Shangazi akadhani ndiyo mwisho, akafumba macho, akamshika tu. Mtetemo ukapita. Alipofumbua macho na kuweka kioo, ukungu haukuwa tena nukta. Ulikuja na kwenda haraka kuliko mshale wa sekunde, na hesabu ikamshinda. Aliandika kwenye kadi: hazihesabiki.

Na hapo, ndani ya sweta, kitu kikamuuma kidole.

"Aii!" Shangazi alipiga ukelele, machozi yakimtiririka, akicheka. "Niume tena! Niume, ni haki yako!"

Mashavu alikunywa maji ya sukari kwenye ncha ya brashi, matone saba. Akajilamba. Kizimba kilipowekwa karakana ya mbele, kona yenye joto isiyopigwa na mwanga, aliingia mwenyewe, akakagua kila pembe kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Saa kumi kasorobo Shangazi alining'iniza kipande cha karoti juu ya waya, ukubwa wa ukucha. Mashavu akanusa. Akaweka mikono hewani. Akainuka, tumbo nje, wima kabisa, kwa miguu yake miwili.

"Shangaziii!" Mlango uligonga ukuta. "Anasimama! Mama, ona, anasimama kweli! Mimi nilimfundisha mwezi mzima akakataa, Shangazi umemfanyaje, na kwa nini macho yako mekundu, na hii saa ya dhahabu mbona iko wazi?"

Wifi aliingia nyuma yake taratibu, mkoba begani. Alimtazama mnyama kwa muda mrefu. "Bado mzima," alisema, kana kwamba jibu la kitabu na lake yamelingana.

Ingetosha. Kisigino, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alimkonyeza Shangazi: nyamaza, umeshinda. Lakini Shangazi alifuta mikono kwenye aproni.

"Wifi, kaa. Ule ujumbe wangu wa asubuhi hukuuelewa, na kosa ni langu. Sikumaanisha amesimama kwa miguu. Nilimaanisha amesimama kama saa." Akamweleza yote: mafuta ya gurudumu, boksi la dirishani, baridi. Chiriku aliacha kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Nilikaribia kumpoteza kwa uzembe wangu. Na nilipokuandikia nilidhani nimempoteza. Sasa amua."

Wifi alinyoosha mkono akaokota kadi ya kazi iliyokuwa mezani, akaigeuza. Safu ndefu ya tarakimu: saa, na mbele ya kila saa, sekunde. Aliipitishia kidole toka juu mpaka chini, bila haraka, kama anayesahihisha.

"Kutoka saa mbili u nusu mpaka saa nane," alisema hatimaye. "Kila robo saa. Hukuruka hata moja."

"Sikuruka."

"Na kula?"

Shangazi alifikiri. "Nilisahau."

"Ndiyo, hilo najua ungesahau." Wifi aliikunja kadi, lakini hakuirudisha mezani. Aliitia mkobani, pamoja na madaftari ya wanafunzi. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa ya darasani. "Wifi yangu, mimi miaka yote nilidhani huwezi kuacha saa kwa ajili ya mtu. Nilikuwa nimekosea hesabu. Chiriku atakaa na wewe likizo nzima."

Chiriku alipiga kelele hata Mashavu akazama kwenye maranda. "Kuanzia lini? Leo? Sema leo! Nguo sihitaji, mswaki Shangazi anao, mama sema leo!"

"Godoro lako je? Utalala juu ya saa za watu?"

"Nakwenda kulichukua!" alisema Shangazi, tayari ameshika mlango. "Wewe, wifi, baki hapa. Mlinde huyu. Asipigwe na upepo. Maji kwenye brashi. Na usimwite panya."

"Mimi? Nibaki na… wifi! Wifi, huyu ananitazama!"

Lakini Shangazi alikuwa keshatoka, Chiriku mbele yake akirukaruka na kuhadithia mtaa mzima kabla hata hajaulizwa. Nusu saa baadaye walionekana wakirudi katikati ya barabara, mchana kweupe: fundi saa na godoro la futi tatu kichwani, mgongo umenyooka, mikono hewani, akitembea kama aliyebeba kombe, na nyuma yake kaka yake aliyejaa rangi nyeupe mpaka nyusi, amebeba mto, akiuliza kuna nini hakuna anayemjibu. Mwenye duka la dawa alitoka nje. Muuza magazeti akasogeza meza yake.

"Kuna nini, fundi? Unahama?"

"Nahamiwa!" Shangazi alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka kona ya pili. "Pisheni njia, jamani, pisheni njia! Mwanangu anahamia!"